Filamu Niliyoitafsiri Bila Kuiona

Binti yangu wa mwisho ana filamu kwenye simu yake ambayo kijana mfu anampenda msichana aliye hai. Anaitazama amejikunja kwenye kochi, anacheka, anafuta machozi, anacheka tena. Juzi aliniita nikae naye. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza bibi kizee, kwamba siku hizi kuna filamu za namna hiyo: maiti wanatembea, watu wanavunjwa mbavu kwa kucheka, na katikati kuna mapenzi. Nikamwambia mwanangu, hiyo habari mimi niliijua kabla hujazaliwa. Akauliza niliitazama wapi. Nikamjibu kwamba sikuitazama, niliitafsiri tu, nikiwa jikoni nakaanga vitunguu. Akanikodolea macho, halafu akarudi kwenye simu yake.

Hakuuliza zaidi, na mimi sikuendelea. Lakini usingizi wa mchana ulinikimbia siku hiyo.

Mimi ni wa ufukweni mwa ziwa, Mkisi, nimezaliwa Matema chini ya milima, mtoto wa mfinyanzi. Kiingereza changu sikukipata darasani, huko nilipata viboko tu. Nilikipata kwenye nyumba ya wageni nilikofanya kazi miaka mitatu, kufua mashuka na kupeleka chai. Wageni wakikaa mchangani wakapiga soga, mimi naokota glasi huku sikio liko kwao. Kidogo kidogo nikawa naelewa wanavyosengenyana. Hicho ndicho Kiingereza changu, cha masengenyo na chai, na nilikuwa nakijivunia kupita kiasi.

Nikaolewa Ikolo, kwa Wanyakyusa wa mpunga na kokoa. Huko ndiko nilikokutana na ukutila.

Ukutila ni kumwogopa baba mkwe. Siyo woga wa kutetemeka, ni heshima, ila ni heshima inayochosha miguu. Mkamwana haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake, hamkabidhi chakula, na akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Mjini Kyela utamkuta mkamwana na mkwe wake wamepanda pikipiki moja na hakuna anayegeuza shingo. Ukoo nilioolewa mimi haukuacha. Mimi nina hasira za karibu, na mwezi wa kwanza tu nilimwambia mume wangu kwamba sikuolewa nije kujificha kwenye migomba kama mwizi wa kuku. Akacheka, akasema mama atanifundisha.

Na kweli mama mkwe alinifundisha. Hakunifundisha kwa kunikalisha chini, alinifundisha kwa kikohozi. Mzee akitoka shambani, mama mkwe anakohoa mara mbili, mimi napotea jikoni. Mzee akienda kuoga, anakohoa mara moja, mimi nachota maji nipite uani. Tulielewana hivyo. Siku nyingine alikohoa kwa makusudi, mzee hayupo, ili anione ninavyotimua mbio na sufuria mkononi, kisha anacheka mpaka anakaa chini.

Yule mama alikuwa na ulimi usiojua Jumapili. Alimsema mnunuzi wa kokoa mpaka mnunuzi akageuza pikipiki akaondoka bila mzigo. Alimsema kiongozi wa kwaya mbele ya kwaya. Lakini aliyepata sehemu kubwa ni mumewe. Jikoni nilikuwa nasikia kila kitu, maana banda la jiko liliegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa sebule, na juu ya ukuta kulikuwa na matundu ya hewa. Mama mkwe anamsema mzee kwa ajili ya viatu, kwa ajili ya jembe, kwa ajili ya jinsi anavyomeza chai. Mzee hajibu. Halafu unasikia kicheko chake cha chini, kinaguruma kifuani, na mama naye anashindwa kujizuia. Nikiwa pale na moshi wangu nilikuwa najisemea, kumbe mapenzi ya Wanyakyusa ndiyo haya.

Alikufa asubuhi ya kawaida kabisa. Alitoka kwenda kupasua kokoa shambani, mzima, tena anamlalamikia mzee kuhusu kitu fulani, na kabla jua halijapanda akarudi amebebwa. Hakuumwa. Hakuaga.

Na kifo cha ghafla huku kwetu hakiachwi hivyo hivyo. Matanga hayajaisha, maneno yakaanza kwamba mama yule hakufa, amechukuliwa msukule. Asiyejua, msukule ni mtu mnayemlilia na kumzika, kumbe kwenye jeneza mmezika gogo la mgomba, na mwenyewe yuko kwenye shamba la mchawi fulani, analimishwa. Anatembea lakini hana akili. Ulimi wameukata. Halishwi chakula cha watu, analishwa pumba. Mimi sikuamini, au tuseme mchana sikuamini. Baba mkwe aliamini.

Tukajua aliamini kwa sababu aliacha kula. Sahani ilikuwa inapelekwa na shangazi, dada yake mzee, mjane aliyekaa nyumba ya jirani, kwa kuwa mimi siruhusiwi. Napika, shangazi anaingiza, shangazi anarudisha. Wali umekaa vilevile, umekauka juu. Ndizi na maharage ni hivyo hivyo. Nilitengeneza samaki, mbasa, kwa namna ya kwetu Matema, nikampikia kwenye chungu cha mama yangu kabisa, harufu ikafika barabarani. Akamega kipande kimoja kwa adabu, basi. Shangazi alipombana, mzee alimjibu maneno ambayo shangazi alikuja kunieleza akiwa ameshika mlango: hawezi kumeza wali wakati mwenzake analishwa pumba.

Ungemjibu nini? Nilimwona mara moja kwa mbali akivuka ua, nikiwa nyuma ya migomba kama kawaida yangu. Shati lilikuwa linaning'inia, mabega yamebaki mifupa. Nikajua tukiendelea hivi, tutamzika kabla mpunga haujavunwa. Na nisiwe mnafiki, nilijiogopea na mimi. Watu wangesema mkamwana kutoka ufukweni kamuua mkwe kwa njaa. Lakini zaidi ya yote nilikuwa namwogopea yule mama. Niliona kama ameniachia mumewe, na mimi namwacha aishe mikononi mwangu bila hata kuruhusiwa kumwangalia.

Mume wangu alikuwa anasafirisha mchele Mbeya na Tunduma, yuko nyumbani wiki moja, barabarani wiki tatu. Aliporudi akaona hali ya baba yake, akafanya kile wanaume wanachofanya wakizidiwa, akanunua kitu. Alinunua televisheni ndogo, deki, na sola ya kuviendesha. Na sidii tatu. Mbili deki ilizitema siku ileile. Iliyobaki ilikuwa na picha ya bibi harusi na bwana harusi kwenye kava, wamekumbatiana. Mume wangu akasema ni filamu ya mapenzi, itamchangamsha mzee. Hakuitazama hata dakika moja. Alfajiri akaondoka na lori.

Sasa filamu ni ya Kiingereza, na mzee Kiingereza hajui. Shangazi hajui, tena ni mlokole, akiingia sebuleni anaipa televisheni mgongo. Anayejua ni mimi, na mimi siruhusiwi kukanyaga humo. Shangazi akalifikiria jambo hilo wiki nzima. Jumapili baada ya ibada akaja jikoni akaniambia nitafsiri nikiwa hukohuko niliko. Nikamwambia shangazi, siruhusiwi kuzungumza naye. Akasema sikuambiwa nizungumze naye.

"Zungumza na ukuta," akasema. "Ukuta siyo mkwe."

Mbombo ngafu, kama wasemavyo wenyewe, kazi ni ngumu. Lakini nilivuta kigoda, nikakaa chini ya yale matundu, nikaweka kikaango, na filamu ikaanza.

Kumbuka kwamba mimi sioni kitu. Nasikia tu. Kwanza nikasikia kinanda cha harusi, nikauambia ukuta kuna harusi. Halafu breki, kishindo, kilio. Nikasema wamepata ajali ndogo njiani. Halafu watu wakapiga kelele kwamba wamerudi, wamerudi, fungeni milango, na nyuma yao sauti za kuguna, nyingi, mmmh, aaah, kama watu mia. Nikawaza kidogo. Nani anarudi kwa wingi hivyo kwenye harusi mpaka watu wafunge milango? Nikauambia ukuta kwamba ndugu wa bwana harusi wamekuja wengi kuliko chakula, tena wamelewa.

Nikageuza vitunguu kwenye kikaango.

Baadaye nikasikia msichana na kijana wako peke yao. Msichana anaongea, kijana anaguna. Msichana anamwambia wewe ni wa baridi mno, unanuka, mbona huli ninachokuletea. Nikasema masikini, bwana harusi anaumwa. Kwa jinsi anavyoguna ni tumbo, na ile baridi nadhani ina malaria ndani yake. Nikaendelea kueleza ugonjwa wa kijana huyu kwa huruma kabisa, nikataja na dawa ambazo mimi ningempa.

Kisha msichana akasema jambo lililonipa taabu. Alisema mkono wako umetoka, tulia, nitaushona. Nililisikia vizuri, Kiingereza chake kilikuwa wazi. Lakini nikajiuliza, nani anashona mkono wa mtu sebuleni? Akili ikanituma kwenye shati. Nikauambia ukuta, kwa uhakika wa fundi cherehani, kwamba shati la kijana limechanika mkono na msichana anamshonea, mke mwema huyo, wapo wachache siku hizi.

Hapo ndipo nilipokisikia. Kwanza nilidhani mzee amepaliwa. Kumbe ni kile kicheko cha kifuani, kinapanda polepole kama kimesahau njia. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, nikasikia kiti kinalia chini yake. Tangu tumzike mama mkwe hakuna aliyekisikia. Niliacha vitunguu vikaungua vyote, sikujali.

Jumapili iliyofuata akaagiza kwa shangazi kwamba anataka ileile. Na ya tatu, ileile. Mimi kichwa kikavimba, nikaona kumbe nina kipaji. Nikaanza kunogesha. Msichana aliposema anampaka kijana poda usoni kabla ya kwenda kula na wazazi wake, nikasema siku hizi hata wanaume wanajiremba. Baba wa msichana alipopiga mayowe mezani, nikasema mkwe mtarajiwa kamaliza nyama yote. Mzee hoi. Nilikuwa nikisikia miguu yake inapiga sakafu. Na mwisho wa filamu, ambapo msichana analia na kuongea maneno marefu nisiyoyaunganisha na kitu chochote, nikasema wanaagana stendi, kijana anasafiri.

Nyumba ile tumeibomoa siku nyingi. Tumejenga ya kisasa, jiko liko ndani, lina vigae. Nikikaa kwenye hilo jiko zuri huwa naukumbuka moshi wa lile banda na yale matundu manne yaliyojaa masizi, na Jumapili zile za mvua, kokoa imeanikwa barazani kwa sababu uani kumelowa, harufu yake ya uchachu imetanda nyumba nzima. Sijawahi kusikilizwa na mtu yeyote namna ile tena. Mume wangu ananipenda, lakini nikiongea anatafuta rimoti.

Lakini sahani zilikuwa zinarudi. Hilo ndilo lililonikata maini. Anacheka mpaka anapaliwa, halafu shangazi anatoka na wali mzima. Nilikasirika. Nilimuuliza shangazi huyu mtu anataka nini, nimekuwa kichekesho chake cha Jumapili na bado anataka kutufia. Shangazi akasema nivumilie. Nikamwambia nimevumilia wali mwingi sana unaoishia kwa kuku.

Jumapili ya nne shangazi hakuwepo, alikwenda msibani Katumba Songwe tangu Ijumaa. Siku mbili hizo chakula kilipitia kwa jirani aliyeingia akaweka, akatoka mbio. Mchana nikasikia mzee mwenyewe anawasha deki. Nikavuta kigoda. Nilifanya kazi yangu kama kawaida, harusi, walevi, tumbo, shati. Kicheko hakikuja. Nikaongeza utani, hakikuja. Nikaanza kupata wasiwasi. Filamu ikafika mwisho, msichana akalia, nikasema wanaagana stendi. Akaizima.

"Ukuta," akasema.

Miaka minne kwenye ua wa yule mtu, nilikuwa sijasikia sauti yake ikinielekea mimi. Sikujua kama ukuta unajibu.

"Ukuta, yule kijana haumwi tumbo. Alikufa kwenye ile ajali, akarudi. Wale wengine siyo walevi. Wote ni misukule."

Kisu kilinitoka mkononi. Yaani Jumapili zote hizo, mtu aliyepoteza mke, mtu anayeamini mkewe analimishwa huko na kulishwa pumba, mimi namchezeshea misukule na kumtania juu yake. Nilimlaani mume wangu na lori lake na hiyo picha ya kwenye kava. Niliona aibu mpaka nikataka kukimbilia kwetu Matema kwa miguu. Nikasema kwamba ukuta unaomba radhi, tata, yaani baba, ukuta haukuona.

Akasema ukuta usiombe radhi. Kama ningemwambia ukweli siku ile ya kwanza, angeizima palepale.

Kisha akauliza ule mwisho. Yule msichana anaongea maneno mengi, na mimi kila mara nasema stendi. Yeye stendi haioni. Wako shambani, kijana amesimama, msichana amemshika uso. Anasema nini?

Akairudisha nyuma. Nikasikiliza safari hii nikijua ninachosikiliza, na maneno yaleyale yakawa na maana yote. Nilitamani kudanganya. Nilishazoea kudanganya, ningeweza kutunga kitu kitamu. Sijui kwa nini sikutunga. Nadhani ni kwa sababu ameniuliza mwenyewe.

"Anasema, nimekuchana nywele, nimekushona mkono, nimekupeleka kwa wazazi wangu," niliuambia ukuta. "Mwili ni wako. Lakini wewe siyo yeye. Yeye asingekaa kimya hivi. Yeye saa hizi angekuwa ameshanitania. Wewe nenda."

Akairudisha tena. Akaitazama mara ya tatu, sauti ameifunga kabisa. Mvua ilikuwa imeanza kwenye bati na niliogopa haitanipa nafasi ya kusikia. Nikasimama juu ya kigoda, sikio kwenye tundu, masizi yote shavuni.

Akaanza kuongea, polepole, na sikujua kama anazungumza na ukuta au na nani. Alisema Jumapili zote hizo hakuwa anamtazama kijana. Alikuwa anatazama lile kundi la nyuma, mmoja mmoja, anamtafuta mkewe. Siyo kwamba alidhani yumo kwenye filamu, hajawa mwendawazimu. Alikuwa anajaribu kumweka humo. Anamvalisha zile nguo, anamtembeza ule mwendo, mikono mbele, mdomo wazi. Wanasukumwa wanakwenda. Wanasimamishwa wanasimama. Hakuna anayeuliza kwa nini.

"Haingii," akasema. "Nimejaribu, haingii. Mke wangu nani angemfuga? Mimi miaka arobaini na moja nilishindwa. Huyo mwenye shamba angesemwa mpaka ahame kijiji."

Nikacheka. Ilinitoka tu, kwa nguvu, nikaziba mdomo kwa mkono. Na yeye akacheka upande wake. Tulicheka wote wawili, kila mtu na upande wake wa matofali, kwa sababu tulikuwa tunamwona yuleyule mama mmoja, na jembe la mchawi mkononi, anamuuliza mchawi kama hilo nalo ni jembe. Halafu kicheko chake kikageuka, na mimi nikakisikia kinavyogeuka.

"Amekufa," akasema. "Mke wangu amekufa, ukuta."

Sikusema pole. Ukuta hausemi pole. Nilishikilia lile tundu kwa vidole na nikamwacha alie, na alilia muda mrefu, mvua nayo inanyesha. Alipomaliza akapenga kamasi. Akauliza kama kuna chakula.

Kipo, wali na mbasa, cha moto. Ila nani atakipeleka? Shangazi yuko Katumba Songwe. Jirani hawezi kuvuka kwenye mvua ile. Nilizunguka jiko mara mbili na sahani mkononi. Nikijiambia nisubiri mvua ikatike, nawaza kwamba hamu yake inaweza kukatika kwanza. Nikaamua. Nilivua kanga ya kiunoni, nikajifunika kichwa chote hadi kifuani nisione kitu, nikauambia ukuta kwamba kuna mtu anakuja na haoni, asimshangae. Nikatoka kwenye mvua na kuingia mlango wa mbele kwa kupapasa.

Sebule ya baba mkwe sikuijua. Sahani mkono wa kulia, mkono wa kushoto nimeunyoosha mbele natafuta meza, naburuta miguu nisijikwae, nguo zinachuruzika maji. Nikagonga kochi, nikaguna. Nikagonga meza, nikaguna tena. Nikasikia mtu anavuta pumzi kwa mshangao, kisha ule mngurumo.

"Tazama," akasema, hata hawezi kuvuta hewa vizuri. "Na huyu wa kwangu anaumwa tumbo."

Niliweka sahani pale mkono ulipogusa, nikageuka, nikagonga kochi lilelile, nikatoka. Jikoni nilivua kanga nikakaa chini kwenye majivu, nimelowa. Halafu nikasikia kijiko kinagusa sahani. Kikagusa tena. Nikasikia anatafuna, anatoa mwiba, anatafuna. Nililia kwa sauti, sikumficha mtu, nililia kilio ambacho sikukilia kwenye mazishi kwa sababu ya kupikia waombolezaji. Kijiko kikasimama. Mzee akasubiri mpaka nikamaliza na kufuta uso.

"Ukuta," akasema, "ongeza mboga."